Watoto 214 wa Marehemu

"Mama Boke, hivi mumeo alifariki mwaka gani vile?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu Saida, siku tunachambua mchele barazani kwake, hapa Mugumu. Hakuwa na nia mbaya. Saida ana kawaida ya kujumlisha umri wa watoto wa mtaa mzima, nani ni mkubwa wa nani.

Nikamjibu bila kuinua macho: "Elfu mbili na saba. Mimba ya Boke ilikuwa na miezi mitano."

Uongo mtupu.

Mume wangu, Kisyeri, alifariki mwaka 2003. Boke nilimzaa 2008.

Hesabu mnaiona. Msinisaidie kupiga.

Mimi ni mama wa kanisani, sijifichi. Elimu yangu ni darasa la saba, nilimalizia kwetu Kenyamonta. Kazi yangu ni usafi katika hospitali moja ya kanisa huku wilaya ya Serengeti, jina lake mtanisamehe. Uongo ule nilitembea nao miaka kumi na saba na hakuna binadamu aliyeugundua.

Uligunduliwa na kompyuta.

Ilikuwa hivi.

Pale hospitali kuna chumba kidogo chenye kiyoyozi kinacholia mchana kutwa. Humo ndimo ilimo seva. Kila mgonjwa aliyewahi kutibiwa kwetu yumo mle ndani, hata wale wa kwenye daftari la zamani la wamisheni, maana nalo liliingizwa lote. Funguo za chumba hicho tunazo watu wawili. Mimi ninayepiga deki, na Lukmani.

Lukmani ndiye fundi wa mifumo. Baba yake ni fundi cherehani Tarime mjini, Waislamu wa siku nyingi. Kijana mstaarabu, ana mke na watoto wawili, lakini hajawahi kunipita bila shikamoo.

Mwezi wa tano akabandika karatasi ukutani. Jumapili tatu kazizungushia duara.

"Mama, tunabadilisha toleo la mfumo," akaniambia. "Hili la zamani watengenezaji wamelitupa. Likiumwa hakuna wa kulitibu."

"Unabadilishaje wakati watu wamo ndani?"

Akacheka. "Swali zuri. Chukulia ni kabati la mafaili. Nanunua kabati jipya, nahamisha mafaili yote, na hakuna hata moja linalotakiwa kudondoka. Kwa hiyo kwanza natoa nakala ya kila kitu. Jumapili ya kwanza najaribu kwenye kompyuta ya pembeni. Ya pili narudia, kama mazoezi ya kwaya. Ya tatu ndiyo yenyewe."

"Na likidondoka?"

"Narudi kwenye nakala. Ndiyo maana kupanga ni wiki tatu na kufanya ni saa sita."

Nikampenda kwa neno hilo. Mtu anayeogopa kuharibu ni mtu mwema.

Jumatatu baada ya jaribio la kwanza nikamkuta anacheka peke yake, karatasi zinatoka kwenye printa.

"Mama, njoo uone maajabu ya Mara! Wafu wamezaa!"

"Wafu gani tena?"

"Toleo jipya linakagua tarehe. Limekataa watoto mia mbili na kumi na wanne. Wote baba zao walikuwa wameshakufa kabla mimba haijatungwa. Wengine miaka miwili, wengine kumi! Kwetu eda ni miezi minne na siku kumi, sasa hawa mama zao walikaa eda ya namna gani?"

Fagio likanitoka mkononi.

Nikainama kuliokota taratibu, ili uso upate muda wa kurudi mahali pake.

"Naomba unipelekee hizi kwa katibu, asaini," akasema. "Mimi naangalia nyaya hapa."

Kutoka chumba cha seva mpaka ofisi ya katibu ni hatua kama mia. Siku ile nilizitembea kama mia tano. Nilisoma kurasa zote tano. Jina la mtoto, jina la mama, kijiji, mwaka aliofariki baba, mwaka aliozaliwa mtoto. Watu wa Kisaka, wa Mbalibali, wa kwetu Kenyamonta.

Namba 88. Boke Kisyeri.

Katibu wetu anaitwa Jackson Mniko, ni mzee wa kanisa pia. Hakusoma hata mstari mmoja. Alitazama namba pale juu, akafyonya.

"Mia mbili na kumi na wanne! Wazinzi wamejiandikisha wenyewe, bila kulazimishwa. Hii hospitali ya kanisa au kilabu cha pombe?"

Akachukua kalamu. Akaandika: Ondoa wote.

Nikapokea karatasi, nikasema asante katibu. Ndiyo, nilisema asante.

Sasa niwaambie kwa nini niliogopa.

Boke ana selimundu. Amelazwa mara nyingi kuliko nilivyopanda basi maishani mwangu. Alipokuwa na miaka minane walimwongezea damu, mwili ukaikataa. Akatetemeka kitanda kizima, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Tulimpoteza, Mungu akamrudisha. Damu ikapelekwa Mwanza kupimwa, majibu yakaja na herufi nyingi ambazo mimi siwezi hata kuzitamka. Daktari akaziandika kwenye kompyuta kwa maandishi mekundu: asipewe damu ya kawaida.

Faili lake la karatasi liliozea kwenye chumba cha kumbukumbu, mwaka ule paa lilipovuja. Kilichobaki ni yale maandishi mekundu ndani ya seva.

Yakifutwa, siku nyingine akizidiwa shuleni akaletwa hajitambui, atawekewa chupa ya damu na nesi mwenye nia njema kabisa. Na atakufa.

Nikarudi kwa Lukmani. Nikajifanya nauliza juu juu.

"Hao wakiondolewa wanakwenda wapi?"

"Nawaweka kando siku thelathini, halafu wanafutwa. Wakija tena watasajiliwa upya."

"Na magonjwa yao ya nyuma?"

"Historia haihami, mama. Historia imefungwa kwenye namba ya baba. Namba ikikataliwa, na historia imekwenda."

"Huwezi kumwacha mmoja tu?"

"Nikimwacha mmoja, mfumo mzima unagoma kuwaka."

"Basi karatasi yake umprintie mama yake akae nayo."

Akanitazama. Safari hii hakucheka.

"Mama, mgonjwa akiletwa hoi, nesi anatafuta kwenye kompyuta. Hatafuti kwenye sanduku la nguo la mtu." Kisha akasema polepole: "Cha kufanya ni kubadilisha lile sharti lenyewe. Lakini hilo linaamuliwa kwenye kikao cha Alhamisi, na lazima kuwe na sababu. Mimi sababu sina. Kwa akili yangu, baba aliyekufa hazai."

Sababu nilikuwa nayo mimi.

Kwetu mwanamke akishatolewa ng'ombe, watoto wote atakaozaa ni wa boma lile lile. Mume awe hai, awe kaburini. Nilipopata mimba ya Boke, miaka minne baada ya mazishi, wakwe zangu hawakunifukuza. Walichinja mbuzi. Walisema Kisyeri amepata mtoto.

Aliyenipa mimba alikwenda machimboni upande wa Tarime, hakurudi, na hakuna aliyemuuliza. Hakuwa na ng'ombe pale.

Lakini kanisani ni habari nyingine. Nilipohamia Mugumu na mtoto mgongoni, wakaniuliza baba yake yuko wapi, nikasema amefariki. Kweli alikuwa amefariki. Mwaka tu ndio niliousogeza. Wakaniweka kwenye kikundi cha wajane. Baadaye wakanifanya kiongozi wa maombi. "Mjane aliyetulia," ndivyo wanavyonitaja mbele ya watu.

Jumanne nilifunga. Jumatano nilifunga.

Sikusikia sauti yoyote kutoka juu. Nilisikia tumbo tu.

Jumatano jioni Boke alirudi kutoka shuleni, akakaa kumenya viazi. Ana miaka kumi na saba, mwembamba, macho yana umanjano wa ugonjwa wake. Ukutani kwetu kuna picha moja ya Kisyeri, amevaa koti la kuazima.

"Boke, acha kisu kidogo."

Nikamwambia yote. Sikupamba.

Akayasukuma maganda pembeni kwa kidole.

"Kwa hiyo Kisyeri sio baba yangu."

"Kisyeri ni baba yako."

"Mama, alikuwa amekufa!"

"Ng'ombe wake hawakufa."

"Mimi nilikuwa najua nimefanana naye," akasema. "Hapa kwenye paji la uso. Ulikuwa unaniambia hivyo."

Ni kweli nilikuwa namwambia.

"Na kesho unakwenda kuyasema haya mbele ya katibu?"

"Kesho."

Hakula. Aliosha vyombo vyote, na vile visafi vilivyokuwa kabatini akavitoa akaviosha pia. Nyumba ina vyumba viwili, lakini jioni ile ungesema kuna mto mkubwa kati yetu.

Alhamisi saa nne, kikao. Walikuwa watatu. Mganga mfawidhi wetu, Dokta Verdiana, mama mkali wa maneno machache. Katibu Jackson. Na Lukmani na karatasi zake. Mimi niliingia na chupa ya chai na maandazi, kama kila Alhamisi.

Nikamimina vikombe vitatu. Sikutoka.

"Mama Boke, umesahau kitu?" Dokta akauliza.

"Naomba kusema juu ya ile orodha."

Katibu akacheka. "Mama, sisi tumeagiza chai, maelezo hatujaagiza."

"Namba themanini na nane ni mwanangu."

Kiyoyozi cha chumba cha pili kikasikika.

"Mume wangu alifariki mwaka 2003, hapa hapa, wodi ya wanaume. Boke nilimzaa 2008. Wajane wenzangu nimewadanganya, na Mungu nilidhani nimemdanganya. Dhambi ni yangu, nitaibeba. Lakini kwenye kompyuta sikudanganya. Nilipofika dirishani kumwandikisha, nesi aliniuliza, 'Mtoto wa nani?' Nikasema wa Kisyeri. Na kwetu ndivyo ilivyo. Ukiniuliza mtoto wa nani hujaniuliza damu. Umeniuliza ng'ombe walitoka boma gani. Hao wote mia mbili na kumi na wanne mama zao waliulizwa hivyo, wakajibu ukweli."

Lukmani akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Ya Rabi! Dokta, ni neno moja! Fomu ya zamani imeandikwa 'Mtoto wa'. Toleo jipya limeandikwa 'Baba mzazi', na limewekewa sharti la tarehe. Wao hawakukosea. Sisi tumebadilisha swali halafu tunalaumu jibu."

"Kwa hiyo unataka tuhalalishe uzinzi kwenye seva ya kanisa?" katibu akadakia. "Mimi nimeshasaini. Na ili mjue mnamtetea nani, hebu Lukmani, soma hayo majina kwa sauti. Moja baada ya jingine. Tuwajue!"

Lukmani akashika ukurasa wa kwanza. Akakohoa.

"Usisome," nikasema.

Sijui nguvu ile niliitoa wapi. Niliweka kiganja changu juu ya karatasi, kikiwa na harufu ya sabuni ya choo.

"Langu mmeshalisikia. Litoshe. Wengine wana mama zao hai, na hawakuitwa kwenye kikao hiki."

"Unatuamrisha?" Katibu alikuwa ameshasimama. "Mfagizi anatuamrisha?"

"Namwomba Dokta."

Dokta Verdiana alikuwa anakoroga chai ambayo hajaitia sukari. Akaweka kijiko chini.

"Boke ndiye yule wa maandishi mekundu?"

"Ndiye."

"Hii kompyuta haikununuliwa kuhukumu watu, Jackson. Imenunuliwa isisahau." Akamgeukia Lukmani. "Rudisha 'Mtoto wa'. Sharti la tarehe liwe onyo, lisiwe kizuizi. Jaribu tena Jumapili hii. Na wewe katibu, ulichosaini kifutwe. Utasaini upya kwamba wamebaki, kila ukurasa."

Jaribio la pili, hakukataliwa hata mmoja.

Jumapili ya tatu ndiyo yenyewe. Ilibidi nifungue chumba saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nihamie Mugumu nilikosa ibada. Madirisha ya wagonjwa wa nje yalifungwa, wodini wakaandika kwenye karatasi. Jenereta lilijazwa mafuta, umeme usije ukatuchezea katikati.

Nakala peke yake ilichukua saa mbili. Lukmani hakuondoka kitini. Mimi nilipiga deki sakafu ambayo ilikuwa imeshang'aa.

"Kabla walikuwa elfu sitini na moja, mia nne na saba," akasema ilipokaribia saa tano.

"Na sasa?"

Kengele za kanisa zikawa zinalia ng'ambo, watu wanatoka.

"Elfu sitini na moja, mia nne na saba. Alhamdulillahi."

"Fungua wa Boke."

Akafungua. Maandishi mekundu yalikuwepo, herufi zote, na mimi nisiyejua kuzitamka nilizisoma moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha nikakaa sakafuni nikalia.

Mngependa niwaambie kwamba baada ya hapo nilishangiliwa. Wapi!

Habari ilitoka kikaoni kabla chai haijapoa, sijui kwa mdomo wa nani. Uongozi wa maombi nilivuliwa kwa simu, dakika moja na nusu. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi langu, wajane wakahamia benchi la pili yake. Hakuna aliyenitukana. Walisogea tu, kama mtu anavyosogea jua likimfikia.

Saida akaacha kuniita barazani. Nikimsalimia ananiitikia, lakini mchele anachambua na wengine.

Boke ameanza kuongea nami. Anasema "mama nimerudi", anasema "mama chumvi imeisha". Ile picha ukutani haitazami. Lakini hajaiondoa. Nami najifunza kula nikiwa na mtu ambaye bado anafikiri.

Siku nyingine nikipiga deki kile chumba nazungumza na seva. Nayo ni mjane kwa namna yake. Imebeba watu wote na hakuna anayekaa nayo.

Funzo naliweka hapa, maana kitakachofuata hakina funzo, kina ukweli tu. Ndugu, usiweke saini ya kufuta watu ambao hujasoma majina yao. Na ukibadilisha swali, usimwite muongo aliyejibu lile la zamani. Hayo ndiyo niliyoyapata, na bei yake mmeiona.

Sasa nimalizie.

Ilikuwa Jumanne, wiki mbili baada ya kazi kuisha. Nilikuwa kwenye stoo yangu ya mafagio, nakamua matambara. Mlango ukafunguliwa. Katibu Jackson, mikononi kurasa tano. Dokta alikuwa amemwekea mezani azisaini, na ukisaini kila ukurasa, jicho linapita.

Akafunga mlango nyuma yake. Akapindua ndoo yangu moja, akakaa juu yake. Sijawahi kumwona katibu amekaa chini kuliko mimi.

"Orodha uliniletea wewe siku ile," akasema.

"Ndiyo, katibu."

"Uliisoma njiani."

"Niliisoma."

"Yote?"

"Ni kurasa tano tu."

Akafungua ukurasa wa nne, akaweka kidole. Namba 141. Mniko, kama alivyoandikwa kwenye daftari la wamisheni. Mama, Nchagwa. Kijiji, Mbalibali. Baba amefariki 1969. Mtoto amezaliwa 1974.

"Mimi naambiwa nilimkosa baba kwa wiki tatu," akasema. "Mama anasema alifariki wiki tatu kabla sijazaliwa. Miaka hamsini na moja naambiwa wiki tatu."

Niliendelea kukamua tambara. Maji yalikuwa yameshaisha.

"Kwenye kile kikao nilisema yasomwe. Ungeniacha tu! Ungekaa kimya Lukmani afike namba hii, ungekuwa umenimaliza. Nilikuita mfagizi mbele ya watu."

"Bibi Nchagwa anakaa benchi la mbele kanisani," nikasema. "Hasikii vizuri tena, haoni vizuri. Kilichobaki kwake ni lile benchi tu."

Akanitazama. Midomo ikafunguka, nikadhani ataniomba nimfichie, au ataniomba radhi, au atauliza ni nani mwingine anayejua.

Ikafumbwa.

Akachukua kalamu mfukoni, akasaini ukurasa wa nne juu ya goti lake, mbele yangu. Akasimama, akaigeuza ndoo yangu akaiweka sawasawa mahali pake, akafungua mlango, akatoka.